Maktaba Zilizokufa Kabla ya Simu

Mzazi wa Nangwa, wilayani Hanang, akilalamika kwamba watoto siku hizi hawashiki kitabu, lawama huiangukia simu. Walimu husema hivyo, viongozi wa dini husema hivyo, na kwenye vikao vya wazazi kauli hiyo hupita bila mtu kuipinga. Ni maelezo yanayoeleweka upesi: zamani palikuwa na vitabu, ikaja simu, vitabu vikaachwa. Lakini ukiyapima kwa tarehe, hayasimami.

Simu za mkononi zilianza kutumika Tanzania mwaka 1994, na kwa miaka kadhaa zilikuwa za wenye fedha wa Dar es Salaam. Zilichukua muda mrefu kufika kwenye vijiji vinavyouzunguka mlima Hanang, na simu zenye intaneti zilichukua muda mrefu zaidi. Maktaba za vijiji, zile zilizokusudiwa watu wa kata kama Nangwa, zilikuwa zimeshaanza kuporomoka katika miaka ya 1980. Kati ya kufa kwa maktaba na kuja kwa intaneti mkononi pana kizazi kizima kilichokua bila hiki wala kile. Kwa hiyo swali la nafasi ya maktaba ya umma katika zama hizi za dijitali, likiulizwa Hanang, haliwezi kuanza na simu. Lazima lianze na kilichokuwapo, na namna kilivyoondoka.

Huduma ya maktaba kwa umma nchini ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lililoanzishwa mwaka 1948 lilikuwa likipeleka masanduku ya vitabu na kuazimisha kwa njia ya posta. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliunda bodi ya huduma za maktaba Tanganyika, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Sheria mpya ya mwaka 1975 ilileta Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania tunayoijua leo. Ezekiel Kaungamno, aliyeiongoza huduma hiyo katika miaka ya 1970, aliandika pamoja na C. S. Ilomo kitabu cha juzuu mbili kilichotoka mwaka 1979, ambacho jina lake la Kiingereza linasema kuwa vitabu hujenga mataifa. Watu wa kizazi chao waliamini jambo hilo kwa dhati, na walilitafutia bajeti, magari na wafanyakazi.

Mtandao wa Bodi ulijengwa kutoka makao makuu kwenda mikoani, na kutoka mikoani kwenda baadhi ya wilaya. Kata na vijiji vilifikiwa kwa mlango mwingine, mlango wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kampeni kubwa ikafuata, watu wazima wakaingia madarasani kusoma ngumbaru, na kwa takwimu za serikali idadi ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika ilishuka kutoka takribani asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 39 mwaka 1975, na chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Unaweza kuzitilia shaka takwimu hizo, maana mtihani wa kisomo ulikuwa na ngazi kadhaa na waliohesabiwa kuwa wamefuzu hawakuwa sawa. Ila hata ukizipunguza kwa theluthi, bado ni mafanikio ambayo nchi chache zimeyafikia kwa muda mfupi hivyo.

Wapangaji wa kampeni walielewa kwamba mtu aliyejifunza kusoma akiwa na umri wa miaka 40 atasahau asipopata cha kusoma. Ndiyo maana ya maktaba za vijiji. Ndiyo maana pia ya magazeti ya vijijini kama *Elimu Haina Mwisho* la Kanda ya Ziwa, yaliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi. Redioni kulikuwa na kampeni za *Mtu ni Afya* mwaka 1973 na *Chakula ni Uhai* mwaka 1975, na vikundi vya wasikilizaji vilikuwa na vijitabu vyake mkononi. Redio ilisema, kijitabu kilibaki. Mtu alisikia jioni habari za kuchimba choo, kesho yake akafungua ukurasa akaona vipimo.

Tuitazame maktaba ya kijiji yenyewe. Mara nyingi lilikuwa kabati moja la mbao lenye kufuli, katika ofisi ya shule ya msingi au ya kijiji. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya ufugaji, vya kilimo cha mahindi, vya uzazi na afya ya mtoto, vya ushirika, vya siasa, na hadithi chache ambazo ndizo zilizochakaa upesi kwa kushikwa. Daftari la kuazimia lilipigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, kitabu, sahihi. Asiyejua kutia sahihi aliweka dole gumba, na wapo walioanza na dole gumba wakamaliza na jina kamili. Msimamizi alikuwa mwalimu wa shule hiyo au kijana aliyemaliza darasa la saba, akilipwa posho ndogo. Posho hiyo ndiyo iliyofungua kufuli.

Habari za kuanguka kwa mpango huu zinafahamika kwa ujumla wake, ila ni nadra kuunganishwa na kabati lile. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na Shirika la Vitabu likaondoka nayo. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimeza fedha, bei ya mafuta ikapanda, karatasi na wino vikaadimika, magari ya maktaba yakakosa vipuri. Misaada kutoka nje, hasa ya Sweden, iliyokuwa ikilipia karatasi na vitabu vya kisomo, ilipungua kadiri wafadhili walivyogeukia mambo mengine. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na matumizi ya huduma za jamii yakabanwa. Elimu ya watu wazima, isiyokuwa na wazazi wa kuipigia kelele wala mitihani ya taifa ya kuilinda, ilikuwa rahisi kukatwa. Posho ya msimamizi ikachelewa, kisha ikakoma. Mwalimu akafunga kabati, akapata uhamisho, ufunguo ukaenda naye. Mchwa walifanya kazi iliyobaki.

Hakuna waraka uliotangaza kwamba maktaba za vijiji zimefungwa. Hili kwangu ndilo lenye madhara ya kudumu kuliko yote. Nchini Uingereza zimefungwa maktaba za umma karibu 800 katika muongo ulioanza mwaka 2010, kwa sababu ya kubana matumizi, na kila moja ilikuwa na tarehe, uamuzi wa baraza, watu waliosimama nje na mabango. Walishindwa wengi wao, lakini walijua wamenyang'anywa nini. Huduma ya kwetu ilidhoofika kimyakimya mpaka ikawa hakuna anayekumbuka kuwa ilikuwa haki yake. Mzee wa Nangwa aliyesoma ngumbaru anaweza kukusimulia mwalimu wake. Mjukuu wake hajawahi kusikia kwamba kijiji kinaweza kuwa na maktaba, na hawezi kuidai.

Kilichofuata kilionekana kama maendeleo, na kwa sehemu kubwa kilikuwa maendeleo kweli. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulizaa shule za kata nchi nzima. Januari 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne. Watoto wa Hanang ambao baba zao waliishia darasa la saba sasa wanafika sekondari. Ila shule hizo zilijengwa kwa haraka, na katika orodha ya haraka maktaba huandikwa mwishoni: madarasa, vyoo, nyumba ya mwalimu, maabara, halafu maktaba fedha ikibaki. Panapokuwa na chumba chenye jina hilo, aghalabu ndicho kinachowekwa madawati mabovu na makasha ya vitabu vya kiada vinavyosubiri kugawiwa.

Vitabu vya kiada ndivyo vilivyobaki kuwa vitabu. Sera ya mwaka 1991 iliwapa wachapishaji binafsi nafasi ya kuandika vitabu vya shule, na mwaka huohuo ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, uliowahakikishia wachapishaji ununuzi wa nakala za hadithi za Kiswahili ili zipelekwe shuleni. Katika muongo uliopita serikali ilirudi kwenye mfumo wa kitabu kimoja kwa kila somo, kinachoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Sababu zake zilikuwa za msingi, maana baadhi ya vitabu vilivyokuwa sokoni vilijaa makosa. Lakini wachapishaji wengi walikuwa wakitoa riwaya na hadithi za watoto kwa fedha iliyotokana na vitabu vya kiada, na fedha hiyo ilipotoweka hadithi zilipungua. Ruzuku ya shule ya msingi, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ilipangwa ili sehemu yake ya vitabu ishughulikiwe kutoka juu. Mwalimu mkuu wa kijijini akitaka hadithi 20 za kuwasomea watoto wa darasa la tatu, hana kasma ya kuzinunulia.

Siku ya mnada, katika vijiji vya Hanang, utaona kilichoshika nafasi ya maktaba. Kwenye turubai kuna Biblia, nyimbo za ibada, vijitabu vya ndoto na dawa za asili, madaftari. Mbele kidogo kuna duka la steshenari lenye mashine ya kutolea kopi, na kijana anayeuza mitihani ya miaka iliyopita kwa ukurasa. Wanafunzi hupanga foleni. Wanatumiwa mitihani hiyo pia kwenye makundi ya WhatsApp, pamoja na majibu yake, mengine yakiwa na makosa yanayonakiliwa kutoka kundi hadi kundi. Huko ni kusoma, na sitaki kukudharau: mtoto anayetafuta mtihani wa Baiolojia wa mwaka juzi ana bidii kuliko mazingira yake. Ila ni kusoma kunakokoma siku matokeo yanapotoka. Hata katika maktaba za mikoa zinazoendelea kufanya kazi, viti vimejaa wanafunzi waliokuja kujisomea madaftari yao wenyewe, kwa sababu nyumbani hakuna meza wala utulivu. Wengi wao wanalipa kiingilio kwa ajili ya kiti na taa, na vitabu vya rafuni hawavigusi.

Sasa turudi kwenye simu. Kufikia mwishoni mwa 2023 laini zinazotumia intaneti nchini zilikuwa zimepita milioni 35, na vijijini ongezeko linaonekana kwa macho. Mkulima wa mbaazi anajua bei ya mnada wa stakabadhi ghalani kabla hajafunga gunia. Mama mwenye mtoto anayeharisha anampigia nesi. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambako vitabu vya kiada vinasomwa bila kulipia kitabu. Vishkwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu. Anayesema simu haijawaletea watu wa Nangwa elimu yoyote hajawatazama watu wa Nangwa.

Lakini angalia simu inatoa nini, na kwa masharti gani. Kinachotembea kwa wepesi ni sauti na picha. Bando la shilingi elfu moja linafungua video fupi, kundi la ukoo, mahubiri, mpira. Likiisha, maktaba mtandao nayo imefungwa. Mtoto hana simu yake, anaazima ya baba, na baba anaihitaji. Kioo cha inchi sita kinatosha kusoma ujumbe, hakitoshi kusoma kurasa 200 za riwaya kwa mtu ambaye hajawahi kumaliza riwaya. Kisha kuna suala la lugha, ambalo wapangaji wa mambo ya dijitali hulipita juu juu. Katika kaya nyingi za Hanang mtoto huanza na Kiiraqw au Kidatoga, akikutana na Kiswahili sanifu darasani. Akiingia kidato cha kwanza anabadilishiwa tena, anafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto wa namna hii anahitaji Kiswahili kingi cha kuchapwa, cha hadithi, kinachomzidi kidogo kidogo, kabla hajatupwa kwenye lugha ya tatu. Kiswahili anachokipata kwenye simu ni cha vipande: sentensi nusu, maneno yaliyofupishwa, maelezo ya video. Kinamfanya achangamke, hakimpi pumzi ya kusoma aya ndefu.

Kuna jambo jingine la karibu zaidi. Hanang imeandikwa sana. Profesa George Klima alitoa kitabu juu ya Wabarbaig mwaka 1970. Robert Thornton aliandika juu ya Wairaqw mwaka 1980, Katherine Snyder mwaka 2005. Charles Lane, mwaka 1996, alieleza namna mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada, yalivyochukua malisho ya Wabarbaig karibu na Basotu. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani kikashinda, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaamua kwa upande wa NAFCO. Shauri hilo linafundishwa katika vitivo vya sheria hadi leo. Vitabu vyote hivyo ni vya Kiingereza, na mahali pake pa kawaida ni rafu za vyuo vikuu. Kijana wa Nangwa anayetaka kujua ardhi aliyozaliwa imepitia nini atapata vipande mtandaoni kama anajua neno la kutafuta na anakijua Kiingereza. Maktaba ya umma ndiyo taasisi ambayo kazi yake ni kukusanya mambo ya mahali, kuyatafutia muhtasari wa Kiswahili, kuyaweka pale walipo wenyewe, na kumwambia kijana kwamba yapo. Hakuna kampuni ya simu yenye wajibu huo.

Tarehe 3 Desemba 2023 pengo hili lilionekana kwa uchungu. Maporomoko ya tope kutoka mlimani yalivamia Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Video zilienea nchi nzima siku hiyohiyo. Serikali ilieleza baadaye kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikameguka na kugeuka tope. Maelezo hayo yalikuwa sentensi chache kwenye taarifa ya habari, zikasikika, zikapita. Watu wanaolima na kujenga chini ya mlima wa zaidi ya mita 3,400 wanahitaji kitu cha kurudia: ramani ya mikondo, dalili za hatari, historia ya mafuriko ya huko nyuma. Wanahitaji kuvikuta mahali ambapo mwalimu, mzee na mtendaji wa kijiji wanaweza kukaa na kubishana juu ya ukurasa mmoja. Miaka ya *Mtu ni Afya* nchi hii ilijua kufanya hivyo kwa ajili ya vyoo.

Wanaosema intaneti imeifuta maktaba wanapaswa kuieleza Finland. Ni kati ya nchi zilizounganishwa zaidi duniani, na Desemba 2018 mji wake mkuu Helsinki ulifungua maktaba mpya ya Oodi, mkabala na Bunge, ambayo tangu hapo hujaa watu. Finland ina sheria inayozibana manispaa kutoa huduma hiyo, na fedha za kuitekeleza. Karibu na sisi, Nairobi, maktaba ya McMillan iliyojengwa mwaka 1931 na matawi yake ya Kaloleni na Makadara yalikuwa yamechakaa hadi Angela Wachuka na Wanjiru Koinange walipoanzisha Book Bunk mwaka 2017 na kuanza kuyakarabati. Watoto wa mitaa hiyo ya Eastlands walirudi, simu zikiwa mfukoni mwa wazazi wao. Ni kazi ya kuheshimiwa, ila imeegemea mji mkubwa wenye wafadhili na waandishi mashuhuri. Nangwa haina hao. Hali yake inafanana zaidi na wilaya za Uganda, ambako mageuzi ya mwaka 1997 yalizikabidhi halmashauri maktaba za umma. Halmashauri nyingi zikazipokea kama jengo la ziada, zikaziacha ziendelee kwa huruma ya mkutubi mmoja.

Hatari ya kwetu iko palepale. Bodi haina uwezo wa kufika kila kata, na haijawahi kupewa. Halmashauri ina mapato ya ndani, na kisheria hutenga asilimia 10 yake kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, jambo linaloonyesha kwamba fedha hupatikana pale sheria inapolazimisha. Kwa maktaba hakuna asilimia. Kamati ya Maendeleo ya Kata inapokutana, ajenda ni kumalizia maboma ya madarasa, zahanati, maji, barabara ya kwenda mnadani. Zote ni za lazima. Usomaji hauletwi mezani kwa sababu hauna afisa, hauna fomu, na diwani haulizwi habari zake wakati wa kampeni.

Ukihesabu, kinachohitajika katika kata moja si kikubwa. Chumba kimoja katika shule iliyopo, chenye mlango unaofunguka barabarani ili mtu mzima aingie bila kuomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Umeme, ambao Wakala wa Nishati Vijijini umeshaufikisha vijijini. Intaneti moja ya pamoja, ili bando lisiwe sharti la kusoma. Vitabu vya Kiswahili, vipya kila mwaka hata vikiwa 50. Na mtu. Katika hivi vyote, mtu ndiye anayesahaulika kwanza, kwa sababu majengo na vifaa hupata wafadhili na sherehe ya uzinduzi, lakini mshahara wa mtunza maktaba haukatiwi utepe. Vishkwambi vya sensa vikiharibika vitaingizwa kabatini kama vilivyoingizwa vile vijitabu vya ufugaji, kama hakuna anayelipwa kukaa hapo saa kumi jioni, kumwonyesha mtoto kitabu kinachofuata, na kuandika jina lake kwenye daftari. Mpango wa miaka ya 1970 ulivunjika mahali hapo hasa, kwenye posho ya msimamizi. Mpango wowote wa dijitali utakaoletwa Hanang bila kasma ya mshahara huo unaanza ukiwa na ufa uleule.